Fizi za Kadar

Sura ya Sita

"Anatafuna," Batula alisema, akaitua sahani ya mikate ya anjera mezani kwa kishindo. "Huyo Kadar wako anatafuna miraa, na mimi mtoto wangu sipei mtu wa miraa."

Amran, aliyekuwa ndiyo kwanza anavuta kiti, alibaki amekishikilia. Nyumbani kwao, nyuma ya duka lao la vipodozi katika soko la Jebel, Juba, watu walizungumza Kisomali, isipokuwa Batula alipokasirika. Hapo mama huyo alihamia Kiswahili cha Garissa alikozaliwa, na akishahamia huko ujue jambo limefika pabaya.

"Hooyo, nani amekuambia?"

"Meno yake yameniambia. Juzi alicheka hapa dukani, akasahau kuweka mkono mdomoni. Nikaona fizi. Fizi zimekuwa rangi ya jivu! Kijana mdogo, mswalihina, fizi zinakuwa jivu kwa sababu gani?"

Amran alimgeukia baba yake kutafuta msaada. Mzee Mohamedamin alikuwa mpole, mtu wa kusuluhisha ugomvi wa nusu ya wafanyabiashara wa Jebel, na kwa kawaida hakumruhusu mkewe kuhukumu mtu kabla ya chai. Asubuhi hiyo hakumwangalia binti yake machoni.

"Mimi fizi sizijui," alisema taratibu. "Lakini juzi Magharibi aliswali ubavuni mwangu. Alipoinuka kutoka kwenye sijida aliyumba, akanishika bega asianguke. Kijana anayepanda mapaa ya watu kila siku, anayumbishwa na nini msikitini?"

"Labda alikuwa na njaa, aabo."

"Au hakulala, shavu limejaa," Batula alidakia.

"Wazee wake wanakuja kesho baada ya Alasiri kukuposa," baba aliendelea. "Nitawapa chai, nitawashukuru kwa heshima waliyotupa, kisha nitawaambia hapana. Samahani, binti yangu."

Batula hakuwa mama mkatili, msimwonee. Dada yake, Shukri, aliolewa na mtu mwenye duka kubwa Garissa, na mtu huyo akalitafuna duka lote, rafu baada ya rafu, kila alasiri akiwa ameketi mkekani na wenzake. Batula ndiye aliyempokea Shukri aliporudi na watoto na begi moja. Tangu siku hiyo kila mwanamume aliyeingia kwake alitazamwa mdomo kwanza, uso baadaye.

Msichana mwingine angejifungia chumbani alie hadi macho yavimbe. Amran alilia pia, tusimpe sifa asizostahili. Alilia akipanga sabuni kwenye rafu, alilia akifagia, na mteja aliyeingia kuulizia mafuta ya nywele akampa pole ya msiba. Alimpenda Kadar tangu siku alipopanda juu ya paa lao kufunga paneli za sola, akashuka na vumbi kichwani na kuuliza, kwa adabu zake zote, ni nani aliyekuwa akiimba humo ndani. Kumkosa mtu kama huyo kwa sababu ya fizi!

Lakini Amran alikuwa na maradhi yake tangu utotoni: jambo likimtatiza hawezi kuliacha. Alipokuwa mdogo, Eastleigh ya Nairobi, aliifungua saa ya ukutani ya bibi yake aone ni nani anayeisukuma mishale. Alichapwa, na bado alifurahi kwamba ameona. Kwa hiyo machozi yalipokauka, udadisi ulikuwa umeshakaa pale pale yalipokuwa.

Kazi ya vipodozi ilikuwa imemfundisha kusoma ngozi. Mteja akinyoosha mkono, Amran alishajua kama anajichubua, maana krimu zile hung'arisha mkono mzima na kuviacha vifundo vya vidole vyeusi. Vifundo vya Kadar havikuwa na neno. Basi si krimu. Miraa je? Mume wa mama mdogo Shukri alikuwa na meno ya kahawia na macho mekundu, Amran alimkumbuka vizuri. Fizi za Kadar hazikuwa na ukahawia wowote. Zilikuwa na samawati iliyofifia, mfano wa doa la wino kwenye shati lililofuliwa likagoma kutoka. Samawati hiyo hiyo alikuwa ameiona kwenye vikovu vidogo vya mashavuni mwake, na chini ya kucha, ambako alidhani ni uchafu wa betri.

Na lilikuwepo jingine, ambalo hakumwambia mtu kwa sababu msichana mwenye heshima hapaswi kulijua. Nje ya duka kulikuwa na pipa la maji ambapo wafanyabiashara walitawadha kabla ya kwenda msikitini. Kadar akiwa na kazi Jebel alitawadha pale. Alikunja suruali, akaosha miguu, na saa hizo Amran alikuwa na shughuli kubwa ya kupanga manukato dirishani, mpaka mama yake akaanza kuisifu bidii yake. Miguu ya Kadar, kwenye mfupa wa mbele, ilikuwa na mabaka mapana ya samawati. Siku za kwanza alidhani amejigonga na ngazi. Lakini alama ya kujigonga hupona, na hizi hazikupona. Ziliongezeka.

Amran aliweka sabuni chini. Miraa haipaki watu rangi miguuni.

Akachukua simu na kumwandikia Kadar: *Inveta ya sola imezima. Njoo sasa hivi.*

Kadar alifika kutoka mtaa wa Gudele kwa pikipiki, jasho likimtiririka, kisanduku cha vifaa begani. Alikuwa kijana mrefu, mzito wa kusema, mwenye macho ya kutulia. Uso wake ulikuwa laini ajabu kwa mtu anayeshinda juani, na Amran alipenda kuutazama zaidi ya alivyokuwa tayari kukiri. Batula alikuwa nyuma ya pazia akikunja nguo. Binti yake hakuruhusiwa kuzungumza na mchumba bila mtu mzima karibu, na Batula aliitimiza sheria hiyo kwa masikio yote mawili.

"Inveta inawaka," Kadar alisema akiinama. "Taa ya kijani hii hapa."

"Najua."

"Kwa hiyo umeniita kwa nini? Nimemwacha mteja chini ya ngazi."

"Kadar, unatafuna?"

Aliinua kichwa pole pole. "Natafuna nini?"

"Miraa."

"Wallahi, sijawahi kuweka hata jani moja mdomoni."

"Shisha?"

"Amran, mimi hata moshi wa makaa unanikohoza."

"Nakuamini."

"Sasa?"

"Sasa nionyeshe fizi."

Mkono wa Kadar ulipanda mdomoni wenyewe. Siku zote alicheka nyuma ya mkono ule, na Amran alikuwa akidhani ni adabu za watu wa kwao Isiolo.

"Kwani mimi ni ng'ombe wa mnada, niangaliwe meno?" Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nilidhani umeniita kwa sababu umenikumbuka."

"Nimekukumbuka sana. Na kesho aabo atawaambia wazee wako hapana, na sababu iko ndani ya huo mdomo unaouziba. Mimi napigana na nyumba nzima kwa ajili yako, Kadar. Napigana gizani. Nipe basi hata taa!"

Kadar, aliyekuwa amechuchumaa, aliinuka ghafla. Na pale pale Amran akaona alichokiona baba yake. Macho ya kijana yalipotea kidogo, mwili ukaenda upande, mkono ukatafuta rafu. Chupa ya manukato ilianguka ikapasuka, na harufu ya waridi ikajaa duka lote.

"Ni joto tu," alisema haraka.

"Limeanza lini, hilo joto?"

"Si kitu. Kichwa kinaniuma siku hizi, nikiinuka dunia inazunguka kidogo, saa nyingine naona ukungu, halafu inaisha."

"Na ukiwa juu ya paa?"

Kadar alitazama vigae vya chupa sakafuni.

"Kadar. Ukiwa juu ya paa?"

"Wiki jana, mtaa wa Hai Mauna. Nilishika ngazi nikiwa nimeshaanza kwenda chini. Mungu hakutaka tu."

Hapo Amran aliisahau posa, akawasahau wazee. Akilini alimwona amelala chini ya ukuta wa mtu, Hai Mauna. Akakaa kwenye katoni.

"Unameza nini?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Rangi imekuingia fizi, kucha na miguu. Ndiyo, miguu, nimeiona, usiniulize nimeionaje. Kitu cha namna hiyo hakitoki nje. Kinatoka ndani. Unameza nini?"

Kadar alitazama pazia. Pazia lilikuwa limetulia mno.

"Nikikwambia hutanitaka."

"Usiponiambia sitakupata."

Akaingiza mkono katika mfuko wa shati, akatoa vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kwenye karatasi yake ya bati. "Ni vya chunusi," alisema, na shingo yake ikainama chini ya neno hilo kana kwamba amekiri wizi.

Amran alitaka kucheka. Kicheko cha nafuu kilifika hadi kooni, kikakutana na uso wa Kadar, kikarudi.

"Nilipokuwa shule uso wangu wote ulikuwa vidonda," Kadar alisema. "Isiolo waliniita Kokoto. Hata mwalimu. Kulikuwa na msichana aliyehama dawati asiketi karibu nami. Daktari mmoja Nairobi akanipa dawa hizi, akasema za miezi michache, kisha nirudi anione. Uso ukapona, Amran. Kwa mara ya kwanza watu wakaniangalia nikiongea. Sikurudi kwake. Nilinunua nyingine, na nyingine, nimekuja nazo mpaka Juba. Kila nikitaka kuacha naota naitwa Kokoto. Wewe umenijua na uso huu. Ungenitaka na ule?"

Swali hilo lilimwogopesha Amran. Alikuwa ameupenda uso huu kweli. Sasa alitaka kujua kama alikuwa amependa na kitu kingine.

Pazia likafunguka.

"Nimesikia chunusi," Batula alisema. Akampokonya Kadar vile vidonge, akavigeuza, akavinusa. "Mume wa Shukri alisema jani ni dawa ya jino. Kila mmoja ana hadithi yake. Tutaenda kwa daktari, mimi na nyinyi wawili, nisikie na masikio yangu. Usipotaka, njia ni hiyo."

"Eddo," Kadar alimsihi, akitumia neno la kumwita shangazi, "nitakwenda. Nitakwenda leo. Lakini si mbele yako. Mtu mzima kama wewe, mama mkwe wangu Mungu akijalia, nikunje suruali na kufungua mdomo mbele yako?"

"Kwa hiyo hakuna daktari."

Amran alimtazama Kadar. Asingemsukuma. Aibu ile ilikuwa yake, na ni yeye tu angeweza kuibeba au kuondoka nayo. Kadar alikiokota kisanduku chake, akaenda hadi mlangoni, akasimama na mgongo kwao. Nje raksha, zile bajaji za Juba, zilipiga honi. Alipogeuka macho yalikuwa na maji.

"Eddo, tangulia wewe," alisema. "Mimi nitakaa mbele na dereva."

Daktari Jael, Mkenya wa Kakamega, alikuwa na kliniki ndogo ya ngozi huko Hai Mauna na alikuwa mteja wa Amran wa mafuta ya nazi. Aliwasikiliza wote watatu wakisema kwa pamoja, kisha akawanyamazisha wawili.

"Mgonjwa ni nani hapa? Huyu? Basi aongee huyu."

Kadar akaongea. Akafungua mdomo. Akakunja suruali hadi magotini, macho ameyaelekeza darini, na Batula naye kwa stara akatazama ukuta, ingawa miguu yenyewe alikuwa akiitazama kwa pembe ya jicho. Jael alibonyeza mabaka kwa kidole, akaangalia kucha, akaweka mashavu kwenye mwanga wa dirisha.

"Umekunywa hii minosaiklini kwa miaka?"

"Tangu nilipokuwa kijana."

"Hukurudi kupimwa?"

"Hapana."

"Hawarudi," Jael alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Hii ni antibiotiki nzuri, mtu akipewa kwa muda wake. Ikikaa mwilini miaka, inaweza kuacha rangi. Inapenda makovu ya zamani, inapenda miguu mbele hapa, fizi, kucha. Na jua linazidisha, na wewe kazi yako ni jua."

"Itatoka?" Amran aliuliza. "Inakaa wapi hasa? Kwa nini miguu na si mikono?"

Jael alicheka. "Wewe ungesoma udaktari. Ya miguu mara nyingi hufifia, lakini polepole, pengine miaka. Ya kwenye fizi siwezi kukuahidi. Ya makovu pia huwa na ukaidi. Kinachonisumbua mimi si rangi, ni hicho kichwa. Kizunguzungu ni cha dawa hii, kinajulikana. Lakini kichwa kuuma na macho kuona ukungu, hapo naogopa presha ya maji ya ubongo. Mtu anaweza kupoteza macho."

Akamulika macho yote mawili, akirudia jicho la kushoto.

"Sioni uvimbe. Mshukuruni Mungu. Hata hivyo unaacha leo, si kesho, na nakuandikia uonwe na daktari wa macho. Damu tunachukua sasa, tuangalie ini. Na juu ya paa hupandi mpaka niseme."

"Daktari," Batula alisema. Alikuwa amesubiri. "Wewe uniambie ukweli, mimi mama. Hii si miraa?"

"Mama, mimi nimeona fizi za miraa nyingi. Hii si miraa. Ni kijana aliyeogopa kioo."

Batula alitazama vile vidonge mkononi mwake, akatazama miguu mirefu ya Kadar iliyokuwa bado uchi, yenye mabaka, na uso wake mkali ukalegea.

"Mtoto wa watu," alisema. "Umejifanyia hivi ili watu wasikucheke?"

Kadar alishusha suruali. Sauti yake ilikuwa imetulia kuliko siku zote Amran alizomjua.

"Daktari, nikiacha, chunusi zitarudi?"

"Zinaweza. Kuna dawa nyingine za kupaka, tutajaribu. Lakini siwezi kukudanganya. Zinaweza kurudi, tena kwa hasira."

"Basi eddo, mwambie mzee nitawazuia wazee wangu kesho." Akamgeukia Amran. "Dawa nimeiacha, nimeshaiacha hapa hapa. Kaa miezi michache. Acha uso urudi ulivyokuwa. Kisha uniangalie vizuri, na ukisema hapana sitakulaumu maisha yangu yote. Sitaki uolewe na mtu hujamwona."

"Hilo ni neno la mtu mwenye akili," Batula alisema, na safari hii alisema kwa Kisomali.

Jael alijitia kutafuta sindano kabatini. Amran alimtazama Kadar, akamtazama vile alivyotazama ndani ya ile saa ya bibi yake. Huyu mtu alikuwa ameweka aibu yake yote mezani mbele ya Batula, na sasa alikuwa anafungua mlango ili yeye, Amran, apite aende zake bila lawama. Swali lililomtisha dukani lilipata jibu hapo, na jibu halikuwa na uhusiano wowote na mashavu laini.

"Wazee wasizuiwe," alisema. "Waje kesho, Alasiri, kama walivyosema."

"Amran," mama yake alimkemea taratibu. "Mwenyewe amekwambia subiri. Huo uso hujawahi kuuona. Na ukija ukauchukia?"

"Nikiuchukia, hooyo, nitauchukia nikiwa mke wake."

Kadar alifunika uso kwa viganja vyote viwili, na mabega yakaanza kutikisika. Batula akavidondosha vile vidonge katika ndoo ya taka ya daktari, akatoa simu kwenye mkoba, akampigia mumewe.

"Mohamedamin," alisema, "kesho wale wazee usiwape chai peke yake. Chinja mbuzi."